Paka wa Sahani Moja

Mwezi uliopita nilikuwa nimekaa nachambua mchele, redio inasoma matangazo ya vifo, nikasikia jina la docteur wa wanyama. Walisema muzee amefariki kule Yangambi, ameacha watoto na wajukuu, na maziko yamekwisha kupita. Nikazima redio. Mujukuu wangu mukubwa akaniuliza, koko, ulimujua yule? Nikamuambia nilimujua mwaka mumoja tu, akarudi ku simu yake. Lakini toka siku ile nachambua mchele na mawe yananipita, watu wa nyumba wanatafuna mawe na hawasemi kitu kwa heshima. Donc nimeona niandike. Shule niliiacha mwaka wa ine wa primaire, kalamu mukononi mwangu ni nzito kuliko mchi. Nimelea watoto saba na wajukuu kumi na wane, wawili wako université, na sina haya kusema ni mimi niliyewafikisha pale. Mutu kama mimi hapendi kuandika kosa lake. Habari za kwetu, baba alikuwa nani na mama alikuwa nani, sitaziweka hapa. Hazihusu paka.

Nyumba ya Mama Salima ilikuwa na vyumba vine vilivyofuatana kama mabehewa ya treni, mutu anapita kimoja kufika kingine. Cha mbele kilikuwa cha wageni, na mikeka na buli la shaba. Cha pili chake mwenyewe. Cha tatu ni dépôt ya mchele, magunia mpaka karibu na dari, na harufu ya katani inayoingia mpaka ndani ya nywele. Cha mwisho ni jiko, na mimi nililala pale ku mukeka, mugongo ku ukuta wa dépôt. Mama Salima alikuwa mujane, mutu wa wale waungwana wa zamani wanaojua sala zao na hawali barabarani. Mimi niliingia mule kama musichana wa kazi, miaka yangu labda kumi na tano, hakuna aliyeandika. Ilikuwa wakati wa Zaire, wakati ule sisi wote tulikuwa citoyens, hakuna bwana wala bibi, hata yule anayefagia soko, na asubuhi ya salongo, kazi ya bure ya serikali, unatoka na jembe lako, ukipenda usipende.

Kazi yangu ilikuwa paka. Walikuwa kumi na mumoja, na hawakuwekwa pale kwa kuchezewa. Panya wa Kisangani anakula mchele, anakula sabuni, anakula kisigino cha mutu aliyelala. Bila paka, Mama Salima angekuwa anauza magunia ya mavi ya panya. Lakini aliwapenda pia. Alisema paka hana najisi, anaweza kupita mbele ya mutu anayesali na sala haivunjiki. Jirani yetu, Mama Bolumbu, aliyekuwa anauza chikwange, mikate ya muhogo, pembeni ya lupango letu, hakupenda hata mumoja. Alisema kwao paka ni wa ndoki, wa uchawi, ao ni wa chungu, katikati hakuna. Na alikuwa na mdomo, yule mama. Cravate, zile tai za shingo, zilikuwa zimekatazwa, wakubwa wote wanavaa abacost, koti la kufunga mpaka shingoni, basi yeye akiwaona paka wetu wenye doa jeupe ku shingo anamuita Mama Salima: watu wako wamevaa tena cravate, siku moja watakuja kuwafunga. Mumoja tu alikuwa mweusi mutupu, dume la kichwa kikubwa, halina hata unywele mweupe. Ndiyo tulimuita Abacost. Tulimuita kwa sauti ndogo, maana wakati ule hata jina la paka lingeweza kusikika mbali. Huyo alikuwa anakuja kulala ku miguu yangu, na nisifiche, ndiye mutu wa kwanza kunipenda mu ile nyumba.

Kila asubuhi nilipika vichwa vya samaki na mchele wa kuvunjika, vichwa ambavyo Wagenia, wavuvi wa mutoni, walituuzia, na nikagawa. Kila paka alikuwa na kopo yake, makopo ya tomate yaliyopigwa mdomo kwa nyundo, kila kopo kona yake: moja chini ya ngazi, moja nyuma ya mtungi, moja ku dirisha la dépôt. Ndiyo namna Mama Salima aliipanga zamani, ili wasipigane. Mumoja tu hakuwa na kopo, kadume kembamba ka rangi ya majivu tulikokaita Mwizi, maana alikuwa anaiba kichwa cha samaki mu chungu, anapanda nacho juu ya manjanja, bati za paa, na kukila peke yake, akituangalia kama sisi ndio wageni wake.

Nasema sasa juu ya Kifaransa, maana bila hicho hamutaelewa. Mama Salima alijua Kiswahili kizuri, alijua Kiarabu cha sala, Lingala alisikia lakini alikataa kusema, akiita lugha ya askari. Kifaransa hakujua hata neno. Mimi na miaka yangu mine ya shule nilijua kusoma «attention, peinture fraîche», angalia rangi mbichi, na kusema bonjour kwa pua. Kwake hiyo ilikuwa elimu kubwa. Wageni wakija alisema, huyu mutoto anasikia Kifaransa, na mimi ninainamisha macho kama mutu anayeona haya, kumbe moyo unavimba kama andazi. Barua ikija kutoka commune, ninaisoma mimi. Neno nisilolijua, ninalitengeneza. Na nilijua vizuri kitu kimoja: musichana aliyenitangulia alifukuzwa kwa uwongo. Kuvunja, Mama Salima alisamehe. Uwongo, hapana. Na nyuma yangu mimi ilikuwa treni ya kunirudisha kwetu Ubundu, na mwisho wa ile treni mwanaume mumoja wa meno matatu ambaye wajomba wangu walikuwa wamekwisha kunywa pombe yake ya mahari.

Paka wa kwanza kuugua alikuwa Kashata, mama wa nusu ya wale wengine, mwenye madoa kama kashata za karanga. Alizaa watoto watatu na wote watatu wakanyauka mu siku sita, mumoja mumoja, bila kidonda, bila kuhara, kama majani yaliyong'olewa. Halafu yeye mwenyewe akaanza kupungua. Nilimushika mdomo kumupa maji nikaona ufizi mweupe kama chaki. Mama Bolumbu alisogeza meza yake ya chikwange mbali na lupango letu na kusema, wazi, kwa sauti, kwamba nyumba inayokula watoto wa paka itakula na wengine.

Docteur alikuwa anakuja na boti kutoka Yangambi, siku zingine mara mbili kwa mwezi, siku zingine mafuta yanakosa na hakuna anayemuona. Alinunua mchele kwetu. Alikuwa mutu murefu, wa sauti ndogo, viatu vyake vina udongo mukavu siku zote, docteur wa ng'ombe na nguruwe. Mama Salima akamuomba amuangalie Kashata. Hakucheka. Wanaume wengine wangecheka. Alichuchumaa jikoni kwangu, akamupapasa Kashata chini ya taya, akamufungua macho, akatoa tone la damu na kulipaka ku kioo kidogo, akakifunga mu karatasi na kuondoka nacho. Mimi nilisimama pale na taulo, nikijiona infirmière, muuguzi wa hospitali.

Aliporudi, wiki ilikuwa imepita, hakuingia. Boti ilikuwa inapiga honi ku beach. Mama Salima alikuwa ku sala ya adhuhuri. Akanikuta mimi ku mulango, jasho linamutoka, na akasema haraka haraka, nusu Kiswahili nusu Kifaransa:

«C'est la leucose. Muambie Mama. Hakuna dawa. Shida iko ku sahani, unasikia? Angalia sana sahani. Nitarudi.»

Nikasema oui, docteur. Nilisema vizuri, kwa pua.

Leucose. Mimi neno lile sikulijua, lakini masikio yangu yalilijua, ao yalidhani yanalijua. Mutu yeyote wa Kisangani, hata mutoto wa miaka mitatu, anajua lokoso. Ni neno la Lingala, ni uroho, ni ile tabia ya kula kwa pupa na macho ku sehemu ya mwenzako. Mutoto wa lokoso, mume wa lokoso, chef wa lokoso, tunasema kila siku. Na docteur mwenyewe amesema shida iko ku sahani. Nilisimama pale ku mulango nikaona nimeelewa yote. Ningeweza kukimbia mpaka ku beach na kuuliza. Ni dakika kumi, na miguu yangu ilikuwa mizuri. Lakini mutu anayesikia Kifaransa hakimbii kuuliza.

Mama Salima akatoka ku sala, akaniuliza docteur amesema nini. Nikamuambia, ni lokoso. Akashangaa. Ugonjwa wa uroho? Nikasema ndiyo, Mama, wazungu wameuona ku kioo, unakaa mu damu, na docteur amesema dawa hakuna, dawa ni sahani. Akafikiri sana, ushanga wa tasbihi unapita mu vidole vyake, na akasema kitu ambacho kila mama wa kiungwana angesema. Lokoso inatokea wapi? Inatokea ku mutu anayekula peke yake. Mutoto mwenye uroho unamuponya namna gani? Unamuketisha na wenzake ku sinia moja, anangoja mukono wa mukubwa, anakula mbele yake, hafiki mbele ya mwingine. Mwezi mumoja na uroho umekwisha. Akasema, sisi ndio tumewaharibu na makopo yale.

Nikayaokota makopo kumi, nikayatupa mimi mwenyewe. Tukatoa sinia ya zamani ya bati, yenye maua ya bluu, na nikaanza kuwafundisha. Nilikaa na mwiko. Anayerukia chakula, anapigwa kidogo ku pua. Anayengoja, ninamusifu. Kashata nilimuweka katikati ya wote, kwa sababu yeye ndiye mugonjwa, yeye ndiye mwenye kuhitaji mufano mwema. Mate yalikuwa yanamutoka, na pale mate yake yalipoanguka mu mchele, wengine wanakula. Wakimaliza kula analamba nyuso zao, mumoja mumoja, na mimi nilisema angalia, amekuwa na adabu. Wiki tatu, na paka kumi walikuwa wanakaa duara kuzunguka sinia, kimya, mikia imepangwa, wanangoja nigonge mwiko mara mbili. Watu walikuja kuangalia. Hata Mama Bolumbu aliweka kichwa chake ku lupango na kusema, ba niawu ya madrasa, paka wa madrasa. Nilikuwa na raha, nakwambia. Sijapata raha kama ile hata siku ya arusi yangu. Mwizi peke yake alikataa. Nilimukimbiza na mwiko, nilimuambia, docteur akija atakuona wewe ndiye mugonjwa wa kweli. Alikaa juu ya manjanja na kichwa chake cha samaki.

Kashata alikufa mwanzo wa mvua kubwa. Tukasema alikuwa amechelewa. Halafu akafuata jike mumoja na jicho limejaa usaha. Halafu wawili ndugu, wiki moja, wa kwanza na kidonda ku shingo ambacho hakikutaka kufunga, wa pili bila kitu, alilala juu ya gunia na hakuamka. Kila nikimufungua mumoja mdomo naona chaki. Mimi nikazidi kukaza adabu. Mama Salima akasema labda tunawapa kingi, nikapunguza. Hiyo ndiyo inaniuma mpaka leo kuliko yote, kwamba nilipunguza. Wanyama wanakauka damu, na mimi nawakata chakula ili wasiwe waroho. Panya wakarudi. Nilisikia ndani ya ukuta, nyuma ya mugongo wangu, wanatembea wakifanya kazi yao.

Docteur alikaa miezi mine bila kuonekana, boti yao ilikuwa imeharibika. Siku aliyorudi ilikuwa saa ya chakula. Alipita vyumba vyote, akipiga hodi ku kila mulango kama kawaida yake, na akafika jikoni na kuwakuta, sita waliobaki, duara, vichwa vyote mu sinia moja. Mama Salima alikuwa amekaa ku kiti chake kidogo. Mimi nilikuwa na mwiko. Docteur aliweka mufuko wake chini. Alishika mumoja, akamuangalia ufizi, akamuweka. Akashika mwingine. Aliposhika Abacost alipapasa chini ya taya muda murefu, na mimi nilijua kabla hajasema, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kupapasa pale mimi mwenyewe na nikajidanganya ni mafuta.

Akauliza polepole, «Nani amewaweka ku sahani moja?»

Mama Salima akamujibu, bila hasira, kwa sababu aliona ni swali la ajabu. «Si wewe, docteur? Ulisema ni lokoso. Ulisema dawa ni sahani. Huyu mutoto alinifasiria.»

Docteur akanigeukia. Nataka niseme vizuri namna aliniangalia, lakini sijui kama nitaweza. Hakunikasirikia. Niliona midomo yake inasema lile neno bila sauti, leucose, lokoso, leucose, kama mutu anayejaribu ufunguo mu kufuli, na niliona kufuli linafunguka. Alielewa yote. Na mimi, mwiko mukononi, nilikuwa naiona treni. Niliona mpaka meno yale matatu. Nilingoja aseme. Ingalikuwa haki yake.

Alisema, «Ndiyo, Mama. Ni miye. Nilieleza mubaya.»

Halafu akamueleza sasa kwa Kiswahili, neno kwa neno, kama unavyomueleza mutoto: ni ugonjwa wa damu, hauhusu uroho, unapita mu mate. Paka akila na mugonjwa, akinywa naye, akilambwa naye, anaupata. Wangetengwa siku ile ya kwanza, wengi wangekuwa hai. Watu hauwashiki. Akasema ku wale sita, wane wameuvaa, wawili labda wamepona, wapelekwe dépôt leo hii. Na kwa wale wane alikuwa na sindano mu mufuko, wangelala bila kuumia. Aliomba aifanye pale pale.

Mama Salima alisimama. Sikupata kumuona amesimama haraka vile. Alisema mikono iliyowaua saba, na watoto watatu wa Kashata, waliokufa kabla docteur hajaja, aliwatia pia ndani ya hesabu ile, haitagusa hata mumoja tena mu nyumba yake. Hakupiga kelele. Alimuambia atoke kwa mulango wa jiko, mulango wa takataka, yeye docteur mwenye miwani na diplôme, na asinunue tena hata kikombe cha mchele. Docteur akachukua mufuko wake. Akapita karibu nami, na nilisikia harufu ya dawa ku nguo zake. Nilifungua mdomo. Neno lilikuwa dogo, ni miye, maneno mawili, hayana hata Kifaransa. Nikafunga mdomo.

Alipotoka, sindano ilitoka naye. Kile ndicho nilichonunua kwa kimya changu, na si mimi niliyekilipa. Wale wane walikufa kwa mwendo wao wenyewe. Kila mumoja sasa alikuwa na kopo yake, nilizifuata mu takataka ya Mama Bolumbu na kuzisugua na majivu. Niliwapa mchuzi wa samaki na kidole, tone kwa tone. Nilipangusa usaha, nilifua matambara, nilichemsha maji. Abacost alikuwa wa mwisho, na alichukua siku nane. Mdomo wake ulikuwa vidonda tupu, hawezi kumeza mate yake mwenyewe, na bado nikiingia anajaribu kusimama ku miguu yangu, miguu yake inaenda pembeni kama ya mulevi. Alilia. Paka mugonjwa hulia kama mutoto aliyefungiwa chumba kingine. Siku ya saba Mama Salima aliniambia, ukae naye, wewe una moyo. Nilikaa naye. Nilimuambia yeye, kwa sauti ndogo, lile nililokataa kumuambia Mama. Yeye peke yake ndiye alilisikia. Siku ya nane, adhuhuri, akanyamaza, na nilimuzika nyuma ya choo pamoja na wenzake, udongo mulaini kwa mvua, kazi rahisi.

Jioni ile Mama Salima aliniita chumba cha mbele. Sikuwahi kula pale, mimi nilikula jikoni. Alikuwa ameweka wali na samaki wa kuchoma na sombe ya majani ya muhogo, chakula cha wageni, na akaniambia ninawe, nikae, nile naye. Mbele ya wifi yake na wamama wawili waliokuja kumupa pole alisema, huyu si musichana wa kazi tena, ni binti yangu. Docteur mwenye masomo alituua, na mutoto wa miaka mine ya shule ndiye aliyewauguza mpaka mwisho. Wamama wakasema mashallah. Nilikula. Nilikuwa na njaa, sitasema uwongo hapa tena. Samaki alikuwa mutamu. Ni kutoka mu ile nyumba ndiyo niliolewa, kwa heshima, na mutu mwenye meno yake yote, na ni kutoka kule wanatoka watoto wangu na hawa wajukuu ninaojivunia. Mama Salima alikufa akiniita binti yake. Hakujua.

Mwisho wa mwaka ule nilitumwa ku beach kuangalia kama mchele umefika, na nikamuona docteur anangoja boti, amekaa juu ya mufuko wake, viatu vile vile. Hakuna aliyekuwa karibu. Nilikuwa nimetayarisha sentensi toka siku aliyofukuzwa, niliirudia nikifagia, nikipika: c'est moi, docteur, pardon, c'est moi, ni miye, unisamehe. Nilikwenda mpaka mbele yake. Akainua kichwa na kuniuliza, kwa sauti yake ndogo, wamebaki wangapi. Nikamuambia watatu, wawili wa dépôt na Mwizi.

«Kila mumoja na sahani yake?»

«Kila mumoja na yake, docteur.»

Akatingisha kichwa, kama mwalimu aliyepewa jibu zuri. Akangoja kidogo. Sasa ninajua alikuwa ananingoja mimi. Boti ikapiga honi, akachukua mufuko wake, na mimi, ninayesikia Kifaransa, nikamutakia safari njema tu, «Bon voyage, citoyen docteur.»